Meli za anga za kijeshi: wanaozicheka hawajapiga hesabu ya zamu

Tarehe 28 Oktoba 2015, puto la jeshi la Marekani lenye urefu wa mita 74 lilikatika kutoka kituo chake cha Aberdeen, Maryland, likapeperuka hadi Pennsylvania. Liliburuta karibu kilomita mbili za waya, likaangusha nyaya za umeme za watu njiani, huku ndege mbili za kivita za F-16 zikilisindikiza kama trafiki wa barabarani. Mtandaoni kicheko kilikuwa cha siku nzima. Mradi huo, JLENS, ulikuwa umekula takribani dola bilioni 2.7, na tangu siku ile ukitaja chombo kinachoelea kwa heliamu, gesi nyepesi kuliko hewa, kwenye mjadala wa ulinzi utachekwa kabla hujamaliza sentensi.

Lakini JLENS lilikuwa puto la kufungwa ardhini, la kubebea rada ya kugundua makombora yanayoruka chini chini. Uchunguzi ulibaini pia kwamba kifaa cha kulitoa gesi endapo litakatika hakikuwa na betri. Huo ni uzembe, na uzembe hauna uhusiano na heliamu. Meli ya anga ni chombo kingine kabisa: ina injini na usukani, na inakwenda inakotumwa. Yenyewe ilihukumiwa mapema zaidi, kwa hoja ambayo sidhani kama ilipimwa sawasawa.

Mwaka 2010 jeshi la nchi kavu la Marekani liliipa Northrop Grumman mkataba wa hadi dola milioni 517 kutengeneza LEMV, meli iliyobuniwa na kampuni ya Uingereza, Hybrid Air Vehicles. Ilitakiwa ikae juu ya Afghanistan siku 21 bila kutua, bila rubani, kwenye kimo cha futi 20,000, na zaidi ya tani moja ya kamera na mitambo ya kunasa mawasiliano. Iliruka kwa mara ya kwanza Agosti 2012 huko Lakehurst, New Jersey. Februari 2013 mradi ukafutwa, na meli ikauzwa kwa walewale walioibuni kwa dola 301,000. Bei hiyo ndiyo watu wanayoikumbuka.

Mimi naikumbuka tarakimu nyingine. Mwaka 2012 GAO, wakaguzi wa Bunge la Marekani, waliandika kwamba meli imezidi uzito kwa ratili 12,000, sawa na kilo 5,400 hivi. Kwa uzito huo, kwenye futi 20,000 isingekaa siku 21 bali siku nne hadi tano. Ikishuka hadi futi 16,000, ingekaa siku 16. Kilichosikika nje ya ripoti ni kwamba imeshindwa. Imeshindwa ikilinganishwa na kipi? Na ahadi yake yenyewe, ndiyo. Na vyombo vilivyokuwa kazini wakati ule, hapana hata kidogo.

Chukua Predator, droni ya Jeshi la Anga la Marekani hadi ilipostaafishwa mwaka 2018, ambayo ilikaa angani kama saa 24. Ili eneo moja lisiachwe bila jicho, Jeshi la Anga lilipanga hadi ndege nne kwa zamu hiyo moja: hii iko juu ya eneo, ile inakwenda, ile inarudi, nyingine iko kwa mafundi. Mwaka 2011 viongozi wake walieleza kwamba kuiweka Predator moja angani saa 24 kunahitaji watu 168. Na hiyo ndiyo tunayoiita ndege isiyo na rubani! Sasa weka chombo cha siku tano, kile kile kilichoshindwa. Kupaa na kutua mara tano kunakuwa mara moja, na kila kutua ni nafasi nyingine ya kuvunja chombo. Kweli, wengi kati ya hao 168 ni wachambuzi wa picha, na hao hawapungui, pengine wataongezeka. Lakini mafuta, vipuri na safari za kwenda na kurudi zinapungua bila ubishi.

Wasomaji wa mashariki mwa Kongo wanajua thamani ya jicho lililopo mahali pake. Droni za Falco za MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Kongo, zilianza kuruka kutoka Goma Desemba 2013. Mei 2014 moja iliona mashua ikizama Ziwa Kivu, na watu zaidi ya kumi wakaokolewa. Ilikuwa bahati kwamba ilikuwa angani saa ile. Anayetafuta njia ya kukaa muda mrefu anajaribu kuiondoa bahati hiyo kwenye hesabu.

Upande wa pili hauna hoja nyepesi. LEMV ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 90 na mwendo usiofika kilomita 150 kwa saa. Upepo mkali unaisumbua, na mbele ya adui mwenye makombora ni shabaha. Puto la China lilitunguliwa na ndege ya kivita ya Marekani, F-22, kwa kombora moja tarehe 4 Februari 2023, ingawa kabla ya hapo lilikuwa limezunguka anga ya Amerika Kaskazini karibu wiki nzima. Wengine hutaja mbadala, Zephyr, ndege isiyo na rubani inayotumia nguvu ya jua: ilikaa angani siku 64 mwaka 2022 kabla ya kuanguka Arizona, ila yote ina uzito wa kilo 75 tu; haiwezi kubeba rada ya maana.

Hoja inayonipa shida ni nyingine. Jicho lisiloondoka haliangalii tu, linatunza kumbukumbu. Juni 2021 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya Marekani ilisema mpango wa polisi wa Baltimore wa kuupiga picha mji kutoka angani, na kuziweka picha siku 45, ulikiuka katiba. Kilichowatisha majaji ni uwezo wa kurudi nyuma na kuunganisha nyendo za mtu siku baada ya siku. Na ndege zile zilikuwa za kawaida, zenye marubani, zikitua kila siku. Kwa hiyo kikomo kinachohitajika ni cha siku za kutunza picha na cha nani anaruhusiwa kuzifungua, na kiihusu Reaper, droni iliyorithi kazi ya Predator, kama kitakavyoihusu meli ya anga. Kuizuia meli peke yake kunaacha tatizo pale pale, na ndege nne zikiendelea kufanya kazi ya chombo kimoja.