Takwimu za Mizigo ya Reli Zikikusanywa na Mkandarasi, Serikali Ibaki na Nini?

Kila behewa la mizigo linalosafirishwa kwa reli nchini Marekani huwa na hati inayoeleza limebeba nini, limepakiwa stesheni gani, litashushwa wapi, limepitia mikononi mwa kampuni zipi za reli, shehena ina uzito gani na mwenye mzigo ametozwa kiasi gani. Reli za mizigo za nchi hiyo karibu zote ni mali ya kampuni binafsi, na hati hizo ni zao, lakini sheria inazilazimisha kuipa serikali sampuli ya hati hizo kila mwaka. Sampuli hiyo ni miongoni mwa vielelezo vikuu vinavyotumika kuamua kama mkulima wa ngano wa Montana au kiwanda cha kemikali cha Texas kinatozwa kwa haki. Hata hivyo, kazi ya kuikusanya, kuisafisha na kuichakata haifanywi na watumishi wa serikali. Kwa miaka mingi imetolewa kwa mkataba kwa Railinc, kampuni yenye makao yake katika mji wa Cary, jimbo la North Carolina, ambayo ni kampuni tanzu ya chama cha kampuni za reli za Marekani, kinachojulikana kwa kifupi AAR. Kwa maneno mengine, anayeiandalia serikali takwimu za kuwasimamia wenye reli ni kampuni inayomilikiwa na chama cha wenye reli hao hao.

Simtuhumu yeyote kwa udanganyifu, na sina sababu ya kufanya hivyo. Hoja yangu inahusu mpangilio wenyewe. Naamini serikali inaweza kumwajiri mkandarasi wa namna hii bila kujidhuru, ila kwa sharti kwamba mkataba unaiachia uwezo kamili wa kuhakiki kila hatua ya kazi na uwezo wa kuachana naye bila takwimu kukatika. Mkataba usiotimiza hayo mawili haufai kusainiwa, hata kama bei yake ni nafuu kuliko zote zilizoletwa.

Uzito wa jambo hili unaonekana vizuri zaidi mtu akitazama takwimu hizi zinafanya kazi gani. Marekani ilianza kudhibiti nauli za reli mwaka 1887, ilipoundwa Tume ya Biashara baina ya Majimbo, na tume hiyo ilianza kuchukua sampuli ya hati za mizigo mwaka 1946. Mwaka 1980 ikapitishwa sheria iitwayo Staggers, ambayo ililegeza udhibiti na kuziruhusu kampuni za reli kuingia mikataba ya siri ya nauli na wateja wao. Tume ilivunjwa mwishoni mwa mwaka 1995 na nafasi yake ikachukuliwa mwaka 1996 na Bodi ya Usafiri wa Nchi Kavu, ambayo kwa kifupi huitwa STB. Leo mwenye mzigo hawezi hata kusikilizwa na Bodi kuhusu ukubwa wa nauli mpaka ionekane kwamba nauli hiyo inafikia asilimia 180 au zaidi ya gharama zinazobadilika za kuusafirisha mzigo wake, yaani zile zinazopanda na kushuka kadiri mizigo inavyoongezeka au kupungua. Gharama hizo hukokotolewa kwa mfumo maalumu wa Bodi, na sehemu kubwa ya vipimo vinavyotumika baadaye kulinganisha nauli moja na nyingine hutoka katika sampuli ya hati. Mwaka 2008 Bodi iliamua kesi tatu ambazo kampuni ya DuPont iliifungulia reli ya CSX kuhusu nauli za kemikali, na katika utaratibu uliotumika kila upande ulichagua kutoka katika sampuli safari za mizigo inayofanana ili kuonyesha nauli ya haki ingekuwa kiasi gani. Katika shauri la aina hiyo, safari ikikosekana katika sampuli au ikiandikwa vibaya, mizani ya haki yenyewe inahama.

Sampuli nayo ina historia ya kutufunza. Kampuni zinazowajibika kutoa sampuli ni zile zinazofikisha mwisho wa safari angalau mabehewa 4,500 yenye kulipiwa kwa mwaka, au zinazobeba sehemu ya kutosha ya mizigo ya jimbo fulani. Kwa muda mrefu, shehena ya behewa moja au mawili ilichukuliwa hati moja katika kila 40, ilhali treni ya mabehewa zaidi ya 100 ilichukuliwa hati moja katika kila mbili. Kitakwimu uamuzi huo ulikuwa na mantiki, kwa sababu treni ndefu za makaa ya mawe na nafaka ni chache na zinabeba tani nyingi. Kwa mwenye kiwanda kidogo anayesafirisha behewa moja moja la klorini, hata hivyo, maana yake ilikuwa kwamba safari zinazofanana na zake zilikuwa haba mno katika kumbukumbu za serikali, na hivyo ushahidi wa kudai haki yake ulikuwa haba vilevile. Mwaka 2020 Bodi iliamua kuongeza kiwango hicho hadi hati moja katika kila tano kwa mizigo midogo isiyo ya makontena, kuanzia mwaka 2021. Naupongeza uamuzi huo kwa moyo wote, na nasikitika kwamba ulichelewa miongo kadhaa. Wakulima wa ngano na shayiri wa Montana walioishtaki reli ya Burlington Northern mwanzoni mwa miaka ya 1980 walingoja uamuzi wa Bodi hadi mwaka 1997, na mwishowe walishindwa. Nchi ambayo kesi ya nauli inaweza kudumu hivyo haina anasa ya kuwa na takwimu dhaifu.

Watu wengi hudhani kwamba hatari iko kwenye ukusanyaji, yaani kwamba mtu ataficha hati. Mimi naiogopa zaidi hatua ya uchakataji, kwa sababu huko ndiko maamuzi madogo madogo hufanywa mbali na macho ya watu. Hati inapofika ikiwa na msimbo wa stesheni usiotambulika, mtu au programu lazima iamue ni stesheni ipi. Njia iliyopitiwa isipojulikana, lazima ikadiriwe, na umbali ukikadiriwa vibaya gharama ya safari hubadilika pamoja nao. Mapato ya safari iliyopita kwenye reli mbili au tatu hugawanywa kati yao kwa kanuni fulani. Kila hati iliyochaguliwa hupewa kizidishio ili iwakilishe zile ambazo hazikuchaguliwa, na kosa katika hati moja huzidishwa pamoja nayo. Zaidi ya hayo, kampuni za reli huruhusiwa kufunika mapato halisi ya mikataba yao ya siri kwa kuyazidisha kwa namba wanazozijua wao na Bodi, kisha Bodi huyafunua kwa matumizi yake. Hakuna hata moja kati ya hatua hizi iliyo ya hila, lakini kila moja inahitaji mtu wa serikali anayeielewa vya kutosha kuweza kusema kwamba hapa pamekosewa.

Kwa nini basi kazi hii ikaangukia kwa Railinc? Jibu la kweli ni kwamba hakuna aliye karibu zaidi na hati hizo. Railinc ilianza kama idara ya teknolojia ya habari ndani ya AAR, ikafanywa kampuni tanzu mwaka 1999, na ndiyo inayoendesha mifumo ambayo kwayo kampuni za reli za Amerika Kaskazini hubadilishana taarifa za mabehewa na kulipana fedha za safari za pamoja. Rejista ya mabehewa na vichwa vya treni, iitwayo Umler, iko chini yake. Mzabuni mwingine yeyote angelazimika kujenga upya mifumo iliyokwisha kuwapo, na gharama hiyo ingelipwa na mwananchi. Naukubali uzito wa hoja hii. Ninachokataa ni hatua inayofuata, pale maofisa wa ununuzi wanapohitimisha kwamba, kwa kuwa mzabuni anayefaa ni mmoja, basi hadidu za rejea ziandikwe kwa kumfuata yeye. Mzabuni akiwa mmoja ndipo mkataba unapohitaji kuwa mkali zaidi, kwa sababu ushindani haupo wa kumtia adabu.

Mkataba ninaoufikiria ungetamka kwamba hati ghafi, kabla ya kuguswa, zinahifadhiwa pia kwa serikali, ili mtu wa nje aweze kurudia kazi yote kutoka mwanzo na kulinganisha matokeo. Kanuni za kusahihisha na kukadiria zingekuwa mali ya serikali, zimeandikwa kwa lugha inayosomeka, na zisingebadilishwa bila idhini ya maandishi. Ungetenga fedha za mkaguzi asiyehusiana na mkandarasi, ambaye angechukua hati chache kwa bahati nasibu, aende hadi kwenye vitabu vya kampuni ya reli na kwa mwenye mzigo mwenyewe, na kuona kama kiasi kilicholipwa ni kile kilichoandikwa. Ungeeleza waziwazi ni nani ndani ya kampuni ya mkandarasi anayeruhusiwa kuona mapato ya reli mojamoja, na kumzuia asiyavushe kwenda kwa chama kinachoimiliki. Na ungelazimisha makabidhiano yenye tarehe na majaribio, kiasi kwamba mkataba ukiisha mwezi huu, mtu mwingine anaendelea mwezi ujao. Kifungu hiki cha mwisho huonekana kama urasimu mpaka siku kinapohitajika.

Suala la siri nalo lisichukuliwe kwa wepesi, kwa sababu wenye mizigo wana haki ya kutoanikwa mbele ya washindani wao. Marekani imelitatua vizuri kiasi. Faili kamili ni ya siri, na hutolewa kwa masharti kwa taasisi za serikali kuu, kwa majimbo yanayopanga miundombinu yao, na kwa wataalamu na mawakili walio katika mashauri. Umma hupewa faili nyingine ambamo stesheni zimefichwa ndani ya maeneo makubwa ya kiuchumi. Mtafiti anaweza kujua nafaka inatoka upande gani kwenda upande gani bila kujua ni ghala la nani. Kanada ilichagua njia nyingine: sheria yake ya mwaka 2018 inazitaka kampuni kubwa za reli zimpelekee Waziri wa Uchukuzi taarifa za hati zao. Naiona njia hiyo kuwa imara zaidi kwa upande wa umiliki, ingawa inaidai wizara iwe na watu wenye ujuzi, na ujuzi huo hauji bila bajeti.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Reli ya Kenya na Uganda ilikodishwa kwa Rift Valley Railways kuanzia mwaka 2006, na Kenya ikauvunja mkataba huo mwaka 2017. Reli ya Kati ya Tanzania iliendeshwa kwa ubia na kampuni ya RITES ya India kuanzia mwaka 2007 hadi serikali ilipoirejesha mikononi mwake mwaka 2011. Katika ukodishaji wa aina hiyo, ambapo sehemu ya malipo kwa serikali hutegemea mapato ya mwendeshaji, anayejua tani zilizobebwa ndiye anayejua deni, na mara nyingi huyo ni mwendeshaji mwenyewe. Sasa Tanzania inafungua njia ili waendeshaji binafsi wapitishe treni zao kwenye reli za Shirika la Reli Tanzania (TRC), huku LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu, ikiwa mdhibiti tangu mwaka 2019. Kabla treni hizo hazijazoeleka, LATRA iandike kanuni inayomtaka kila mwendeshaji, TRC ikiwemo, kuwasilisha taarifa za kila hati ya mzigo katika muundo mmoja uliowekwa na mdhibiti. Ikimwajiri mkandarasi wa kuzichakata, basi asiwe kampuni yenye hisa au maslahi katika treni yoyote inayopita kwenye njia hiyo, na nakala ghafi ya kila hati ibaki kwenye seva za serikali tangu siku ya kwanza ya mkataba.