Hivi mimi ni tamasi au nina usingizi tu?

Tamasi ni moja ya zile zinazoitwa guna tatu. Kwanza tuelewane, guna hapa sio kuguna kwa mtu aliyechoshwa na maneno, ni neno la Kisanskriti, maana yake uzi, zile nyuzi zinazosokotwa mpaka ikawa kamba. Falsafa ya kale ya India iitwayo Sankhya, ambayo yoga imeiegemea sana, inasema maumbile yote, mpaka akili yako na hasira zako, yamesokotwa kwa nyuzi tatu: satwa ni utulivu na kuona mambo wazi, rajasi ni mwendo, tamaa, mchakamchaka, na tamasi ni uzito, giza, uvivu. Kila mtu anazo zote, ila kila saa kuna mmoja umewakaba wenzake.

Mimi kiukweli imenisaidia. Juzi saa tano usiku nimelala chali naangalia vivideo hata sivifuatilii, simu ikanidondokea puani, nikaiokota nikaendelea. Zamani ningejitukana, mvivu wewe, huna nidhamu. Siku hiyo nikajiuliza tu sahivi umekaza uzi gani, nikaona kumbe ni mbili, tamasi na rajasi, mwili ushazima lakini kidole bado kinakimbia. Na ukishajua hivyo hata dawa inabadilika, maana walimu wengi wa yoga watakwambia mtu aliyezama kwenye tamasi usimkalishe atafakari, atasinzia, mtoe kwanza atembee afanye kazi, rajasi imwamshe ndio satwa ije baadae.

Sasa shida inaanza pale watu wanapogeuza hali ya saa moja kuwa jina la mtu. "Achana na yule, ni tamasi." Wengine mpaka sahani yako wanaikagua, wakiona kitunguu saumu wanakunja uso, wakati sura ya 17 ya Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, inayogawa vyakula kwa guna haijakitaja kitunguu kwa jina, ila chakula kilicholala ndio imekiweka kwenye tamasi, kwa hiyo sisi tuliokuzwa na kiporo cha wali na chai asubuhi habari yetu imeisha. Hilo ni la kucheka. Lisilochekesha ni mtu ambaye wiki ya tatu hainuki kitandani, anaambiwa tamasi imemzidi anywe maji ya ndimu, wakati anaumwa na anatakiwa aonane na daktari.

Na kuna zito zaidi. Gita hiyohiyo, sura ya 4 na ya 18, inawagawa watu kwenye matabaka manne kwa kufuata guna. Wanaoitetea wanasema ni tabia na matendo, sio kuzaliwa, na kweli maandishi yanaruhusu usomaji huo. Lakini B. R. Ambedkar, aliyeongoza kamati ya rasimu ya katiba ya India na mwenyewe alizaliwa kwenye jamii ya walioitwa wasioguswa, hakuukubali, aliona pale matabaka yametafutiwa tu sababu ya kifalsafa. Mimi kwenye hili niko na Ambedkar, ukishasema asili ya fulani ni giza, kumwambia akafagie inakuwa rahisi sana.

Ila cha ajabu dawa ya hiyo lebo imo humohumo. Sura ya 14 inasema hata satwa inafunga, inakufunga kwa raha na kwa kujiona unajua, kwa hiyo yule anayejisifu yeye ni satwa mtupu naye yuko kambani, kamba yake nzuri tu. Na Sankhya inamtenga kabisa anayetazama, inamwita purusha, huyo hana guna hata moja, nyuzi zote tatu ziko upande wa kinachotazamwa. Sasa swali la "mimi ni guna gani" limekosewa tangu mwanzo, hakuna hata moja iliyo wewe.

Hilo nililielewa vizuri kabisa usiku uleule, saa saba na nusu, simu bado iko mkononi.