Lipia gemu iliyopo, si ile iliyoahidiwa

Kila gemu inayouzwa Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, kabla haijakamilika ina kisanduku cha buluu kwenye ukurasa wake, na watu wengi hukipita wakikimbilia kitufe cha kununua. Kinasema gemu haijakamilika, inaweza kubadilika au isibadilike, na kama hali yake ya sasa haikuvutii, ni afadhali ungoje. Mpango huo, Early Access, ulianza Machi 2013. Maelezo ya Steam kwa wanunuzi yanakwenda mbali zaidi: ziko timu ambazo hazitaweza kumaliza gemu zao. Kwingine ahadi ni deni. Hapa si deni, na muuzaji amekuambia hivyo kabla hujatoa hela.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: pesa unayotoa ni ya kile kitakachoshuka kwenye diski yako leo. Kama hicho hakistahili bei yake, usinunue, hata kama orodha ya mipango ya studio ina michoro ya kupendeza namna gani. Simaanishi gemu hizi zikimbiwe. Minecraft iliuzwa tangu 2009, ikafika toleo kamili Novemba 2011. Factorio, RimWorld, Subnautica na Hades zote ziliuzwa zikiwa bado jikoni, na walionunua mapema hawakupunjwa, kwa sababu hata wakati huo kulikuwa na gemu ya kucheza.

Ndani ya kisanduku kile mna maswali ambayo studio imeyajibu: kwa nini inauza mapema, itachukua muda gani, toleo kamili litatofautianaje, hali ya sasa ikoje, bei itabadilika au la. Anza na jibu la hali ya sasa. Studio inayojua ilipofika hutaja vitu vinavyohesabika: ramani ngapi, silaha ngapi, wachezaji wangapi kwa pamoja, nini hakifanyi kazi. Ukikuta sifa tupu, kwamba ulimwengu ni mpana na wa kusisimua, hapo unauziwa mbuzi kwenye gunia. Jibu la muda usilitilie maanani sana. DayZ iliingia sokoni Desemba 2013 ikatoka kwenye mpango Desemba 2018. 7 Days to Die nayo iliingia Desemba 2013 na haikutangazwa kuwa kamili hadi Julai 2024. Zote zilichelewa kuliko mtu yeyote alivyotarajia, lakini kuchelewa si ugonjwa. Ugonjwa ni ukimya.

Ukimya unapimika. Tangu Februari 2025 Steam yenyewe huweka tangazo kwenye gemu ya namna hii ikiwa haijasasishwa kwa zaidi ya mwaka, lakini mwaka ni muda mrefu mno wa kungoja. Fungua SteamDB, tovuti inayoorodhesha mabadiliko ya gemu za Steam, tafuta gemu yenyewe, tazama historia ya matoleo: tarehe, na tawi (yaani mkondo wa matoleo, kama wa kawaida au wa majaribio) lililopokea faili jipya. Tofautisha habari na kazi. Studio inaweza kutoa matangazo kila wiki, mara mashindano ya picha, mara punguzo la bei, huku faili la gemu halijaguswa kwa miezi minane. Kinyume chake pia hutokea. Tawi la kawaida la Project Zomboid lilikaa muda mrefu bila mabadiliko makubwa huku kazi ya toleo la 42 ikiendelea, na toleo hilo lilipotolewa Desemba 2024 liliwekwa kwenye tawi la majaribio. Anayetazama tawi moja tu angedhani gemu imekufa.

Tuje kwenye jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii: si kila kitu kinaweza kuongezwa baadaye kwa urahisi. Ramani mpya, maadui wapya, silaha, muziki, tafsiri, hivyo ni nyama, na nyama huongezwa. Mifupa ni habari nyingine. Kucheza watu wengi kwa pamoja ni mfupa. Gemu ikiandikwa kwa mchezaji mmoja, kila mfumo wake unadhani kuna kompyuta moja tu inayoamua ukweli. Ukitaka kuleta mchezaji wa pili, inabidi kila mlango, kila risasi na kila tone la mvua lipewe mwenyewe: nani anaamua, nani anaambiwa, na mtandao ukichelewa itakuwaje. Kazi hiyo ni karibu sawa na kuandika gemu upya. Vivyo hivyo kwa vipimo vya ulimwengu wenyewe, mfumo wa kuhifadhi mchezo, na namna hesabu zinavyogawanywa kwenye prosesa.

Kerbal Space Program 2, gemu ya kuunda na kurusha roketi, ndiyo mfano wa kusoma. Ilitoka Februari 2023 kwa dola 49.99, ikitaka kadi ya picha ya RTX 2060 kama kima cha chini. Mambo yaliyoifanya iitwe ya pili, yaani makoloni, safari za kwenda nyota nyingine na kucheza kwa pamoja, hayakuwemo hata moja siku ya kwanza. Hata mfumo wa sayansi, ambao gemu ya kwanza ilikuwa nao, ulifika Desemba 2023. Mwaka 2024 kazi ikasimama, na gemu ikaendelea kukaa dukani. Mnunuzi hakuhitaji kuwa mtabiri. Ilitosha aulize: nikitoa vyote vilivyoandikwa “vinakuja”, kinabaki nini, na je, kinazidi kile cha kwanza ambacho tayari kimekamilika?

Aina ya gemu nayo ina uzito. Gemu za mifumo, kama viwanda, makoloni, kuokoka porini, au zile ambazo kila ukifa unaanza upya, zinavumilia kuchezwa nusunusu, kwa sababu kila mzunguko ni mpya na sasisho linakupa sababu ya kuanza tena. Za hadithi hazivumilii. Baldur's Gate 3 iliuzwa mapema tangu Oktoba 2020 ikiwa na sura ya kwanza tu, toleo kamili likatoka Agosti 2023, na michezo iliyohifadhiwa zamani haikuendelea humo. Gemu ilitoka bora sana, hilo halina ubishi, lakini aliyecheza sura ile mara tatu alifika kwenye hadithi kamili akiwa ameshajua nani atamsaliti nani. Fumbo halifumbuliwi mara mbili. Kwa gemu za namna hiyo mimi nasema ngoja, hata kama kila mtu anaisifu.

Kuna na zile zinazotegemea seva za studio. Hizi zinahitaji ukali wa ziada. The Day Before iliingia sokoni tarehe 7 Desemba 2023, na siku nne baadaye studio yake ikatangaza kufunga. Wanunuzi walirudishiwa pesa, lakini gemu haikubaki na chochote cha kuchezea baada ya seva kuzimwa. Linganisha na Valheim, ambayo ina programu ya seva unayoweza kuiendesha mwenyewe kwenye kompyuta yako. Studio ikitoweka kesho, ulimwengu wako bado uko kwenye diski yako. Kabla ya kununua tafuta jibu la swali hilo moja: seva ni ya nani?

Ukishaamua kununua, tumia vizuri dirisha la kurudisha. Steam inakubali maombi ndani ya siku 14 tangu ununuzi, mradi hujacheza zaidi ya saa 2. Gemu isiyokamilika haina nyongeza yoyote hapo. Ukingoja toleo kamili ndipo ulalamike, umeshachelewa. Saa hizo zinahesabiwa hata ukiwa kwenye menyu, hata gemu ikiwa inaandaa sheda (programu ndogo za kuchora picha) za kadi ya picha mara ya kwanza, hata ukienda kupika na kuiacha wazi. Kwa hiyo usiifungue mpaka uwe na nafasi.

Washa kwanza kihesabu cha fremu cha Steam, kinachoonyesha picha ngapi zinachorwa kila sekunde. Dakika za mwanzo usizihukumu, kwa sababu kukwamakwama kunakotokana na sheda huisha. Baada ya hapo fanya jaribio hili: simama mahali pazito, soma fremu, kisha shusha ukubwa wa picha (resolution) hadi wa chini kabisa, usome tena. Zikipanda sana, kinachoelemewa ni kadi ya picha, na hilo kwa kawaida hurekebishwa mwishoni mwa utengenezaji. Studio hupunguza maelezo ya vitu vya mbali na kusafisha mwanga. Zikibaki palepale, kinachoelemewa ni prosesa, maana yake hesabu za gemu yenyewe. Hapo kadi mpya haitakusaidia, na neno “tutaiboresha baadaye” lichukue kwa tahadhari, kwa kuwa tiba yake iko kwenye mifupa.

Kwa gemu za ujenzi, dunia mpya hudanganya. Kila kitu ni chepesi ukiwa na kibanda kimoja. Tafuta faili la mchezo uliokwenda mbali ambalo mchezaji mwingine amelitoa kwa wote, kiwanda kikubwa au mji wenye wakazi wengi, liweke kwenye folda yako, ulifungue. Dakika 10 humo zitakuambia zaidi ya saa nzima ya mwanzo. Kisha hifadhi, toka kabisa, rudi, hifadhi tena, rudi tena. Gemu nyingi changa huvunjika hapo, si vitani. Weka Steam nje ya mtandao uone kama bado inafunguka. Ukishacheza kwa muda wa saa moja na dakika 40, simama uamue.

Waliobaki na gemu wajifunze kutunza michezo yao, kwa sababu sasisho huvunja. Toleo jipya likifungua mchezo wa zamani, mara nyingi huuandika upya kwa muundo mpya, na hakuna kurudi nyuma. Nakili folda nzima kabla ya kila sasisho kubwa na uipe jina la tarehe. Kwenye Windows gemu nyingi zilizotengenezwa kwa injini ya Unity huhifadhi ndani ya AppData\LocalLow. Valheim, kwa mfano, ina folda ya worlds_local yenye mafaili mawili kwa kila ulimwengu, .db na .fwl, na wahusika wako kando kwenye characters_local. Anayenakili .db peke yake ataumia. Ukirudisha nakala, zima kwanza hifadhi ya wingu ya Steam kwa gemu hiyo. La sivyo inaweza kukuletea tena lile faili lililoharibika.

Kama uko katikati ya mchezo mrefu, fungia toleo lako. Kwenye maktaba bofya gemu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia “Properties”, kisha sehemu yenye neno “Betas”, uone kama studio imeacha matawi ya matoleo ya zamani. Nyingi za gemu za kuokoka porini huyaacha. Michezo ya toleo la 41 la Project Zomboid haifunguki kwenye la 42, na modi nyingi (nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji) ilibidi ziandikwe upya, kwa hiyo tawi ndilo linalookoa mchezo wako. Jambo jingine la diski: Steam hupakua vipande vilivyobadilika tu, lakini gemu iliyofungashwa kwenye faili moja kubwa hulazimika kuandika faili hilo lote upya. Sasisho la megabaiti 300 linaweza kudai gigabaiti 40 za nafasi tupu. Usishangae diski ikikataa.

Kuhusu bei, hoja ya “nunua sasa, itapanda ikikamilika” imechosha. Ni kweli studio nyingi hupandisha kidogo siku ya toleo kamili. Lakini baada ya hapo huja mapunguzo ya msimu, na bei hushuka chini ya ile uliyowahi kuogopa kuikosa. Factorio ni ya pekee, haijawahi kuwekwa kwenye punguzo, na Januari 2023 ilipanda kutoka dola 30 hadi 35. Gemu za msimamo huo ni chache.

Wala namba 1.0, ile ya toleo kamili, isikutulize. Spacebase DF-9 iliingia Oktoba 2013 na mipango mirefu, na mwaka uliofuata ikatangazwa kamili huku sehemu kubwa ya mipango hiyo ikiwa imeachwa. Namba hiyo huandikwa na studio, hakuna mkaguzi anayeitoa. Siku ikifika, soma tathmini za siku 30 za karibuni, na zaidi zile za lawama zilizoandikwa na waliocheza saa nyingi. Mtu aliyecheza saa 80 na bado hapendekezi huwa ameona kitu.

Kama bado unasita, iweke kwenye orodha ya matamanio. Steam itakuandikia barua pepe gemu ikitoka kwenye mpango au ikishuka bei. Na kama umeshanunua na imekwama, usiandike tu “haifanyi kazi”. Taja namba ya toleo, hatua ulizopitia mpaka ikakwama, na uambatishe faili la kumbukumbu: kwa Unity ni Player.log ndani ya folda ya gemu kwenye LocalLow, kwa Unreal, injini nyingine, kwa kawaida liko kwenye Saved\Logs ndani ya AppData\Local. Linakili kabla hujafungua gemu tena, kwa sababu Unity huanza faili jipya kila inapowashwa na kubakisha moja tu la nyuma, Player-prev.log.