i7 ya laptopu si i7 ya mezani

Ingia duka lolote la kompyuta za mtumba hapa Unguja, Darajani au Mlandege, usikilize mteja anauliza nini. "Hii i5 au i7?" Anauliza daraja la prosesa, ubongo wa kompyuta. Muuzaji akijibu i7, maswali yamekwisha, kilichobaki ni bei. Mimi naona pesa za watu zinapotelea hapo hapo. Hiyo saba haikwambii kitu mpaka ujue imekaa ndani ya mashine gani.

Chukua prosesa mbili za Intel za kizazi kimoja, cha 7, ambazo bado zinazunguka madukani: i7-7500U ya laptopu na i5-7500 ya mezani. Kwa stika, i7 ndiyo kubwa. Kwa kazi, i7 hiyo ina kore (vitengo vya kufanya kazi ndani ya prosesa) 2 tu, wakati i5 ya mezani ina kore 4. Ya laptopu imepangiwa wati 15, ya mezani wati 65. Kasi ya msingi ya laptopu ni gigahatsi 2.7, ya mezani ni 3.4. Ukizipa kazi nzito, i5 inaiacha i7 mbali. Na kasha lake, lile wengi wetu tunaloliita sipiyu, mara nyingi utalipata kwa bei nafuu kuliko laptopu, kwa kuwa wengi hawalitaki.

Cha kutazama ni herufi ya mwisho. U kwa kawaida ni wati 15, imetengenezwa ili betri idumu. H ni wati 45. K ni ya mezani, na katika vizazi vya karibuni i7 na i9 zenye K zinaanzia wati 125. Wati zikiongezeka, kazi inaongezeka na joto pia, na joto hilo lazima lipate pa kutokea.

Wanaokata video za harusi wananielewa. Unabonyeza kutoa video, laptopu inaanza kwa mbio, feni inalia, kisha kasi inashuka na haipandi tena. Haijaharibika. Intel wanairuhusu prosesa kuvuka kiwango chake cha wati kwa muda mfupi, na katika mipangilio mingi muda huo ni sekunde 28 hivi, halafu inarudishwa chini. Ikikaribia nyuzi 100 inajipunguza yenyewe isije ikaungua. Ile namba kubwa ya gigahatsi kwenye tangazo ni ya mwanzo huo tu, na video ya harusi haimaliziki kwa nusu dakika. Sasa tia na joto letu la Januari, chumba cha bati pale Ng'ambo, umeme mdogo feni ya juu inazunguka kwa uvivu, na mwenyewe kaiweka laptopu juu ya godoro. Hewa inayoingia kuipoza prosesa ni moto kabla haijafika.

Anayedhani nalitia joto chumvi aangalie Apple. Mwaka 2020 walitoa M1, na prosesa hiyo hiyo wakaitia kwenye MacBook Air isiyo na feni kabisa na kwenye Mac mini ya mezani yenye feni. Kwa kazi fupi huwezi kuzitofautisha. Kwa kazi ndefu, Air inapunguza mwendo na mini inaendelea vile vile. Prosesa ni moja, kilichotofautiana ni upoozaji. Ndiyo maana hata laptopu kubwa za michezo zenye i9-13900HX, kore 24 sawasawa na i9-13900K ya mezani, zinaanzia wati 55 na ndugu yake anaanzia 125. (Na uzito wake! Ukishaibeba hiyo na chaja yake kutoka Mwanakwerekwe mpaka mjini utatamani ungenunua kasha.)

Kuna jengine watu hawalihesabu: matengenezo. Kasha unalifungua kwa skrubu mbili, unapiga brashi, vumbi limetoka. Hiyo i5-7500 siku ukitaka unaichomoa kwenye soketi yake unaweka i7-7700, ubao ule ule. Prosesa ya laptopu za U imechomelewa kwenye ubao. Ulichonunua ndicho utakachokufa nacho.

Hoja ya upande wa pili ni umeme, na ni hoja ya kweli. Sisi tunategemea waya wa baharini kutoka bara. Mwaka 2008 Unguja ilikaa giza karibu mwezi, na kuanzia Disemba 2009 giza lilituchukua kiasi cha miezi mitatu. Siku hizi ni kukatika kwa muda, lakini kasha halisubiri: umeme ukiondoka, kazi imeondoka. Basi UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika, iwemo kwenye bei tangu mwanzo, angalau upate dakika za kuhifadhi. Ila na mwenye laptopu asijisifu sana, kwani nyingi zikichomolewa chaja zinapunguza kasi makusudi ili kulinda betri.

Kwa hivyo mwanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA anayepanda daladala kwenda Tunguu kila siku, anunue U bila wasiwasi; ripoti na hesabu zake hazihitaji zaidi. Mtu wa Micheweni, Pemba, anayechaji kwa sola, vivyo hivyo. Lakini studio, duka la steshenari, ofisi ya skuli, mashine isiyotoka mezani mwaka mzima, sioni kwa nini inunuliwe laptopu. Ila kwa Windows 11 tafuta kizazi cha 8 kwenda juu, maana cha 7 karibu chote kimeachwa nje, na msaada wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025. Kwenye kizazi hicho i5-8250U ya laptopu ina kore 4, i5-8500 ya mezani ina 6.

Na kama lazima iwe laptopu, usitoe pesa kwa stika. Mwambie muuzaji achomeke chaja, afungue Task Manager, programu ya Windows inayoonesha kasi ya prosesa, aipe mashine kazi nzito kwa dakika kumi huku nyote mnatazama kasi. Akikataa, duka la pili haliko mbali.