Mama akifia wodini, nani apelekwe mahakamani?

Mwaka 2011, hapa Uganda, CEHURD, shirika linalotetea haki ya afya, likiwa na ndugu wa akina mama wawili waliofariki katika uzazi, mmoja Mityana na mwingine huku kwetu Arua, lilifungua shauri namba 16 katika Mahakama ya Katiba. Hawakumshtaki daktari wala mkunga. Walimshtaki Mwanasheria Mkuu wa Serikali, wakidai kwamba kuziacha wodi za umma bila vifaa vya lazima na bila wahudumu wa kutosha ni kuvunja Katiba.

Serikali ilijitetea kwa hoja ambayo wanaharakati waliibeza haraka mno. Kugawa fedha, ilisema, ni kazi ya Bunge na wizara. Jaji hana mizani ya kupimia hilo. Majaji waliikubali mwaka 2012, na nadhani haikuwa hila tupu. Chukua hospitali ya rufaa ya Arua. Inabeba wagonjwa wa eneo letu la West Nile, Wakongo wanaovuka mpaka, na wakimbizi wa Sudan Kusini. Shilingi ya glavu za uzazi itolewe wapi, kwenye chanjo au kwenye dawa za malaria? Tena mwenye wakili hodari anaweza kumtangulia kwenye foleni ya bajeti mtoto wa wilaya ya Koboko ambaye hajapata hata wa kumsemea. Isitoshe, Katiba ya 1995 haikuitaja haki ya afya waziwazi ndani ya sura ya nne, ile ya haki za binadamu. Iliiweka zaidi katika malengo ya taifa, na ni marekebisho ya 2005 yaliyoyapa malengo hayo uzito wa kisheria kupitia ibara ya 8A.

Mahakama ya Juu haikuridhika. Mwaka 2015 ililirudisha shauri lisikilizwe, na Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ikatamka kwamba Serikali ilivunja haki za akina mama hao. Iliagiza familia zilipwe fidia, huduma ya uzazi itengewe fedha za kutosha katika bajeti, vituo viwekewe vifaa, na Bunge lipewe ripoti ya ukaguzi.

Mimi niko upande wa hukumu ya 2020, na sababu yangu kubwa haimo katika vitabu vya sheria. Serikali yenyewe ndiyo iliyofuta ada katika vituo vya umma, Machi 2001. Mwezi uliofuata, kule Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya, kiwango ambacho Kampala haijakifikia. Asiyetaka kuhojiwa angesema mapema kwamba uwezo hana. Huwezi kufuta ada mlangoni, kisha ndani mama aambiwe akanunue kavera, yaani plastiki, la kulalia, glavu, pamba na wembe. Hapo bajeti imeshapangwa tayari, ila mpangaji ni mfuko wa mumewe.

Kinachonisumbua ni upande wa pili wa uwajibikaji. Mwaka huohuo wa 2015, Mahakama Kuu iliamua kesi ya wilaya ya Nakaseke, ambako mama alifariki hospitalini wakati daktari wa zamu hakupatikana. Wilaya, kama mwajiri, iliamriwa kulipa shilingi milioni 35. Uamuzi wa haki kabisa. Daktari alipaswa kuwepo. Kuna pia kikosi kilichoanzishwa na Rais mwaka 2009 kufuatilia dawa na huduma, na kimekamata wahudumu wengi. Wizi wa dawa upo, na kudai kitu kidogo kupo. Hakuna haja ya kuwaremba wauguzi. Lakini mkunga aliye peke yake usiku, na shehena ya dawa inayokuja kila miezi miwili imekwisha kabla ya siku yake, anabeba kosa la watu ambao hawatalala kituo cha polisi hata siku moja. Kumkamata ni rahisi. Anajulikana jina na zamu. Nakisi ya bajeti haifungwi pingu.

Udhaifu wa hukumu ya 2020 uko hapohapo. Fedha “za kutosha” ni kiasi gani? Waziri yeyote anaweza kuongeza kidogo akasema ametii. Wengine wanatumaini bima ya afya ya taifa, ila muswada uliopitishwa na Bunge mwaka 2021 haukusainiwa kuwa sheria, na bima haizai mkunga.

Ningependa ripoti ile ya ukaguzi iandikwe kituo kwa kituo: siku ngapi glavu zilikosekana, wakunga wangapi walikuwa zamu ya usiku, damu iliombwa lini na ilifika lini. Nakala moja iende bungeni, nyingine ibandikwe kituoni. Mkunga akishtakiwa baadaye, karatasi hiyohiyo ikubaliwe mahakamani, imtetee au imhukumu.