Kutulia sio mali ya dini moja

Kuna mwandishi mmoja nimemsoma kasema eti kutulia na kuwa na akili pale pale ulipo ni mambo ya Wabudha, hapo mi nakataa kabisa. Wabudha wamelifundisha vizuri sana, unakaa unafuatilia pumzi inaingia inatoka, akili ikitoroka unairudisha taratibu bila kujigombeza, ila hata Yesu kwenye Mathayo 6:34 kasema msisumbukie ya kesho, sasa hiyo ni nini? Na watawa wa Kiorthodoksi kule Mlima Athos, Ugiriki wana kamba ya sufu yenye mafundo, kila fundo sala fupi ya kumwomba Yesu rehema, wengine wanaioanisha na pumzi kabisa, halafu mtazame Mwislamu wa Kisufi na tasbihi yake kwenye dhikri ya kumtaja Mungu, vidole vinafanya kazi ile ile. Sisemi dini zote ni moja, hapana, zinatofautiana sana tu. Lakini mwaka 1968 mtawa Mkatoliki Thomas Merton alienda Dharamsala India wakaongea na Dalai Lama, kiongozi wa Wabudha wa Tibet, habari za kutafakari na akabaki Mkatoliki vile vile, kwa hiyo wahubiri wanaowatisha watu na haya mambo nawaomba sana waache, wakae na wenzao waulizane wanasalije.