Minyoo Inayofuata Kalenda ya Shule

Juzi mwalimu wa mwanangu huku Uingereza kanipigia simu niko kazini, glavu mkononi, nambadilishia bibi wa watu shuka. Namba ya shule ikitokea mchana, moyo lazima uruke. Kaanguka? Kapigana? Wala. Eti wiki hizi mbili mtoto amekuwa kimya, wakati wa mapumziko anakaa peke yake, je, nyumbani kuna lolote? Simu yenyewe ndiyo hiyo. Nilichukia, nisiwafiche. Mtoto nimemfunza adabu, leo adabu imekuwa ya kupigiwa simu!

Hasira zilipopoa nikawaza: kwetu Tanga ni mwalimu gani angepiga simu hiyo? Darasa limefurika, na asiyesema ndiye nafuu ya mwalimu. Angepewa ukiranja. Nyumbani ndiyo kabisa, wageni wakija anasifiwa: mtoto mtulivu, huwezi kujua kama yumo ndani. Tunayemwona ana shida ni yule anayevunja sahani. Aliyejikunja chumbani tunamshukuria Mungu.

Binti wa mdogo wangu yuko darasa la nne, mwaka wa mtihani. Kila Jumatatu asubuhi, tumbo. Kapimwa malaria, hakuna. Kaambiwa UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, maana kwetu ukikosa malaria lazima upewe UTI. Kanywa dawa za minyoo, kanywa na kombe, yale maji ya aya za Kurani. Mimi kombe silipingi, nimelinywa na nitalinywa. Ila nilimuuliza mdogo wangu: Jumamosi tumbo lipo? Halipo. Na likizo, alipokuwa Muheza kwa bibi yake? Kala machungwa mpaka akakatazwa. Sasa ni minyoo gani inayofuata kalenda ya shule?

Halafu kaanza kukojoa kitandani, na alishaacha siku nyingi. Wa miaka mitatu akikojoa ni umri tu. Aliyekwisha kuwa mkavu akarudia, kwanza hospitali wapime mkojo na sukari. Wasipoona kitu, muulizeni kinachomsumbua. Sisi tunalitoa godoro juani, watoto wa mtaa wamwimbie.

Najua mshaanza. "Kaenda Uingereza juzi, leo anatufundisha kulea." "Sisi tulichapwa na tukawa watu." Mwingereza naye hakuzaliwa na huu upole, shule zake za serikali zimeacha fimbo 1987, mimi nishazaliwa. Na nani kasema kila aliyenuna apelekwe kwa mwanasaikolojia? Wangu nilipomkalisha, kumbe rafiki yake kahama mji. Tutamwangalia, atapata mwingine. Mtoto kafiwa na babu yake, kalia wiki, karudi mpirani, mwacheni. Ninayemsema ni yule ambaye wiki zinapita halali vizuri, hali, wenzake hawataki, mpira aliokuwa akiugombania hautazami, na darasani anashuka. Akisema anatamani kufa, hapo hakuna cha kuhesabu wiki, ni siku hiyohiyo. WHO walishaandika kwamba nusu ya maradhi ya akili huanza mtu hajavuka miaka 14. Ndio umri tunaosema "utoto tu, ataacha".

Mwingine atauliza, hao wataalamu wako wapi? Hapo sina ubishi. Hospitali ya Muhimbili iko Dar, na Mirembe ya Dodoma, hospitali ya maradhi ya akili, tumeigeuza tusi. Nani atampeleka mwanawe mahali anapotukaniwa? Lakini msidhani huku ni peponi. Wanagundua upesi, wanatibu taratibu. Foleni ya huduma za watoto ni miezi, wengine mwaka unakatika, na kila mara ni barua. Barua ya kukujulisha kwamba utaletewa barua.

Na bibi hawana! Yule binti kule Muheza anachambua mchicha na bibi yake, wanataniana, maneno yanamtoka bila mtu kumkazia macho. Huku mtaalamu analipwa kwa saa kufanya nusu ya hayo. Kwa hilo natembea kifua mbele. Ila tusidanganyane: bibi akiletewa siri nzito, tuseme ya mjomba, mara nyingi ataifunika ili ukoo usiaibike. Mtaalamu si wa ukoo wetu. Hana wa kumstahi.

Basi nikamtuma mdogo wangu shuleni, peke yake, akaulize Jumatatu kipindi cha kwanza ni kipi. Jibu kanipa jana usiku: hesabu, na mwalimu fimbo yake kaipa jina. Kanuni zetu wenyewe zinasema fimbo zisizidi nne, na mkuu wa shule awe ameruhusu. Huyo haombi ruhusa wala hahesabu, ingawa hesabu ndiyo somo lake.

Mdogo wangu ananiuliza amhamishe shule au amtafutie mshauri wa kuzungumza naye. Nikamwambia aanze na mkuu wa shule, kisha mshauri, na ikibidi amhamishe. Kanyamaza kidogo, akasema sawa dada, ada ya shule mpya utatuma wewe, si uko Uingereza?